MAHINDI MABOVU SI CHAKULA CHA NDEGE
Maradhi ya ini na saratani yake kwa mbuni, bata mzinga na bata

Katika nyumba nyingi za skimu zetu, mahindi yakisha kupukuchuliwa huchambuliwa mafungu matatu. Yaliyo mazuri huwekwa ya kuuza. Yaliyo ya wastani huwa ya kula nyumbani. Yaliyooza, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyoota ukungu hutiwa katika debe la pembeni, na mwenye nyumba husema, "Haya ni ya ndege." Kazi ya kuchambua ni njema. Lakini neno hilo la mwisho lina hatari, na ndilo tunalotaka kulieleza mwezi huu, hasa kwa ninyi mnaofuga bata na bata mzinga, na kwa wale wachache wenye kibali cha kufuga mbuni.

Ndege anayelishwa mahindi mabovu huenda asife leo wala kesho. Pengine atanenepa kidogo na kutaga, na mkulima ataona kwamba ameokoa hasara. Lakini ndani ya mwili wake ini linaharibika kidogo kidogo, na mwisho wake waweza kuwa saratani, yaani kansa, ya ini au ya mirija ya nyongo. Ugonjwa huo ukisha kuingia, hakuna dawa ya kumtibu ndege shambani. Kinga yake iko ghalani mwako.

KAZI YA INI NA NYONGO

Chakula kikisha kusagwa tumboni, damu hukichukua na kukipitisha kwanza katika ini. Ini huchagua kilicho chema, huweka akiba, na huvunja kilicho sumu. Pia hutengeneza nyongo, ambayo hupita katika mirija midogo mpaka kwenye utumbo, huko ikasaidia kuyeyusha mafuta. Kwa sababu ini ndilo linalopokea sumu ya kwanza ya kila chakula, ndilo pia linaloumia kwanza.

Nyongo ya ndege ni ya kijani. Kwa hiyo ndege mwenye ugonjwa wa ini si kama mtu, ambaye macho yake hugeuka manjano. Kwa ndege, tazama kinyesi. Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu nyeupe, ambayo ndiyo mkojo wake. Sehemu hiyo nyeupe ikigeuka kijani au manjano, ini lina shida.

Mbuni ana tofauti moja ambayo yafaa ujue. Kuku, bata na bata mzinga wana kifuko cha kuwekea nyongo, lakini mbuni hana. Nyongo yake hutoka katika ini moja kwa moja mpaka utumbo. Basi mtu akimpasua mbuni aliyekufa asikione kifuko hicho, asidhani kwamba kimeliwa na ugonjwa. Ndivyo alivyoumbwa.

SARATANI HUANZAJE?

Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Seli zilizochakaa hufa, na nyingine mpya huzaliwa kwa utaratibu. Saratani ni seli zilizoacha utaratibu huo. Zinazaliana ovyo, zinajenga uvimbe, na zinanyang'anya nafasi ya seli njema. Zikiwa ni seli za ini lenyewe, hiyo ni saratani ya ini. Zikiwa ni za mirija inayopitisha nyongo, hiyo ni saratani ya mirija ya nyongo. Maradhi haya mawili yaweza kuonekana katika ini moja.

Si kila saratani ya ini imeletwa na chakula kibovu. Lakini kipo chanzo kimoja kinachojulikana vizuri, na mkulima ana uwezo wa kukizuia. Chanzo hicho ni sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Sumu hii hutolewa na ukungu wenye jina la kitaalamu Aspergillus flavus, ambao huota katika mahindi, karanga, mbegu za pamba na nafaka nyingine. Ini linapojaribu kuivunja sumu hiyo, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, nacho huingia ndani ya seli na kuharibu maagizo yanayoiongoza kukua na kugawanyika. Sumu ikiwa nyingi, ini hufa kwa siku chache. Ikiwa kidogo lakini ya kila siku, saratani hupata nafasi.

Hapo ndipo mwenye ndege wakubwa anapaswa kuwa macho zaidi. Kuku wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa majuma sita hivi, na saratani haipati wakati wa kukua. Lakini bata na bata mzinga wa kuzalisha hukaa miaka. Mbuni, ambaye ndiye ndege mkubwa kuliko wote duniani, na ambaye uzito wake waweza kupita kilo 100, aweza kuishi miaka 40 na zaidi akitunzwa. Ndege wa namna hii anayelishwa sumu kidogo kidogo anaila kwa muda mrefu mno. Na mbuni hana mabawa ya kumrusha, wala bata mzinga mzito wa kisasa haruki kwenda kujitafutia. Anakula kile unachommwagia.

MSIBA WA MWAKA 1960

Sumu hii ilijulikana kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza katika muda wa miezi michache. Madaktari hawakujua ni ugonjwa gani, wakauita "ugonjwa X wa bata mzinga." Walitafuta kijidudu wasikione. Walipofuatilia shamba kwa shamba, waliona kwamba ndege waliokufa walikuwa wamekula chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Mashudu hayo yalikuwa na ukungu, na katika ukungu huo ndimo ilimopatikana sumu.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Mwaka huo huo wa 1960, hapa Kenya, katika Bonde la Ufa, maelfu ya vifaranga vya bata walikufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizokuwa na sumu hiyo hiyo.

Wataalamu wakaona kwamba vifaranga vya bata huumia upesi kuliko ndege wengine wa kufugwa. Baada yao ni vifaranga vya bata mzinga. Kuku huvumilia zaidi, lakini naye huumia. Kifaranga cha bata akilishwa sumu hii, mirija ya nyongo katika ini lake huanza kuzaliana isivyo kawaida kwa siku chache tu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupatikana mashine za leo, wataalamu walitumia vifaranga vya bata kupima chakula chenye sumu. Kisha, katika jaribio lililotangazwa mwaka 1965, bata walilishwa mashudu yenye sumu kidogo kwa miezi 14. Wengi kati ya waliobaki hai walikutwa na uvimbe wa saratani katika ini.

NDEGE NI ONYO KWA WATU

Debe la mahindi ya ndege na sufuria ya nyumbani hutoka ghala moja. Mwaka 1981 watu 20 waliugua ini katika wilaya ya Machakos ya wakati huo baada ya kula mahindi yenye ukungu, na 12 kati yao wakafa. Njiwa na mbwa nao walikufa. Mwaka 2004 msiba mkubwa zaidi ulitokea Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Watu 317 waliugua, na 125 wakafa.

Hao waliuawa na sumu nyingi ya mara moja. Lakini sumu kidogo ya kila siku nayo ina madhara kwa watu kama ilivyo kwa ndege. Uchunguzi uliofanywa Murang'a na kutangazwa mwaka 1973 ulionyesha kwamba sehemu za chini, ambako chakula kilikuwa na aflatoksini zaidi, ndizo zilizokuwa na saratani ya ini zaidi kuliko sehemu za juu zenye baridi. Basi ukiona bata wako wanakufa kwa chakula, usiulize habari za bata peke yake. Uliza watoto wamekula nini.

DALILI ZA KUANGALIA

Sumu ikiwa nyingi, vifaranga huacha kula, hawakui, huchechemea, miguu yao hupata rangi ya zambarau, na mwisho hutetemeka na kukunja kichwa nyuma kabla ya kufa.

Saratani haina haraka hiyo. Ndege mkubwa hukonda ingawa chakula kipo. Hujitenga na wenzake, manyoya hufifia, kutaga hupungua au hukoma. Sehemu nyeupe ya kinyesi hugeuka kijani. Baadaye tumbo huvimba kwa maji. Kama ni bata au bata mzinga, mpapase kidari. Mfupa ukichomoza kama kisu, amekonda. Mbuni hana mfupa wa namna hiyo kifuani, kwa hiyo utazame mgongo wake. Ukiona uti wa mgongo umesimama na nyama imezama pande zote mbili, mwite daktari wa mifugo.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Ini la ndege mzima lina rangi nyekundu iliyoiva na kingo nyembamba. Ini lililolishwa sumu huwa limepauka au la manjano, na baadaye huwa gumu lenye vinundu. Saratani huonekana kama vinundu vigumu vyeupe au vya kijivu, vidogo na vikubwa, vilivyotapakaa ndani ya ini. Lakini kuna mambo mengine yanayofanana nayo.

Kwanza, kifaranga mwenye umri wa siku chache huwa na ini la manjano kwa sababu ya kiini cha yai. Huo si ugonjwa. Pili, kifua kikuu cha ndege huleta vinundu katika ini, nacho huambukiza. Tatu, bata mzinga wanaofugwa pamoja na kuku hupata ugonjwa wa kichwa cheusi, ambao hutia ini madoa ya mviringo kama mabakuli madogo. Nne, kuku wana maradhi ya virusi kama Marek, yanayolifanya ini kuwa kubwa mno na kulitia uvimbe.

Macho peke yake hayatoshi kutenga mambo hayo. Ni lazima kipande cha ini kitazamwe kwa darubini. Mwombe daktari wa mifugo apeleke kipande hicho katika maabara ya mifugo ya Kabete, au katika maabara ya eneo iliyo karibu, kama ile ya Nakuru, Eldoret au Karatina. Mzoga mzima ukipelekwa, uwekwe katika baridi ya barafu, wala usigandishwe. Pamoja nao peleka kilo moja ya chakula cha ndege hao, ukichota kidogo kidogo kutoka sehemu mbalimbali za kila gunia, maana ukungu hauoti mahali pote sawasawa. Chembe chache zaweza kubeba sumu nyingi, na gumio moja la mkono laweza kukudanganya.

Jambo la kukumbuka: ndege wengi wakifa ghafla kwa siku moja au mbili, usiwapasue. Huenda ni ugonjwa wa Newcastle au homa ya ndege. Funga shamba, watu wasiingie wala kutoka na kuku, na umpashe habari afisa wa mifugo mara moja.

UKISHA KUJUA NI SARATANI

Usipoteze fedha kununua dawa za minyoo na vidonge vya madukani. Havitaondoa uvimbe. Daktari atakushauri kumaliza mateso ya ndege huyo. Nyama yake isiliwe, na ini lake asipewe mbwa. Mzoga uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima na mto, au uchomwe. Kwa mbuni, kumbuka kwamba huyu ni ndege wa porini kwa sheria ya nchi, na hufugwa kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, yaani KWS. Kifo chake kiandikwe na kupelekwa habari kwa wahusika.

Wale waliobaki ndio wa kuokolewa. Badili chakula chao siku hiyo hiyo. Usichanganye kibovu na kizuri ili "kupunguza nguvu" ya sumu. Kufanya hivyo ni kuharibu gunia zuri, na ni kurudisha ile sumu kidogo ya kila siku inayoleta saratani. Wala kuchemsha hakufai. Moto wa jikoni huua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutolewa hubaki. Usiyapike mahindi hayo pombe, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita katika maziwa wanayokunywa watoto. Yazike.

Twajua kwamba kuzika debe la mahindi ni jambo chungu kwa mtu aliyepalilia kwa jembe na aliye na karo ya kulipa. Lakini hesabu vizuri. Bata mzinga wa kuzalisha amekula chakula chako cha mwaka mzima, na mbuni amekula cha miaka miwili au mitatu kabla ya kutaga yai la kwanza. Kumpoteza kwa ajili ya debe moja si kuokoa hasara. Ni kununua hasara kubwa kwa mali mbovu.

KAZI YA KUFANYA MSIMU HUU

Ukungu huu hupenda joto na unyevu, na hushambulia zaidi mahindi yaliyopigwa na ukame shambani. Kwa hiyo skimu za nyanda za chini ziko katika hatari kubwa zaidi, lakini hata skimu za juu hupata hasara mvua ikinyesha wakati wa kuvuna. Fanya hivi:

1. Vuna mara mahindi yakisha kukomaa. Usiyaache shambani kungoja mvua, wala usiyarundike chini kwenye udongo.

2. Anika juu ya turubai au katika uchaga ulioinuka, na ufunike jioni na wakati wa mvua.

3. Unapopukuchua usiyapige kwa fimbo. Punje iliyovunjika ni mlango wa ukungu.

4. Pima ukavu. Maji katika punje yasizidi asilimia 13.5, na mashine ya kupimia hupatikana katika maghala ya Bodi ya Nafaka. Kama huna mashine, tumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa, kisha tikisa kwa dakika tatu. Iache itulie dakika 15. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudi ukaanike. Isiposhika, unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 15. Hapo anika tena siku moja au mbili ndipo uweke ghalani.

5. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, paa lisivuje. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana, lakini ni kwa mahindi makavu tu. Ukitia mabichi, yataozea ndani.

6. Chakula cha kununua kitazame tarehe, na usinunue cha zaidi ya mwezi mmoja. Gunia lililolowa au lililogandana mabonge lirudishwe dukani. Osha vihori kila juma, maana mabaki yaliyolowa pembeni ndiyo huota ukungu.

7. Muulize afisa wa kilimo habari za Aflasafe KE01, inayotengenezwa na KALRO huko Katumani. Ni ukungu wa jamii ile ile lakini usiotoa sumu. Hutawanywa shambani, kilo 4 kwa ekari, majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajatoa maua, nao huchukua nafasi ya ule wenye sumu.

Kazi hizi saba hazihitaji mashine wala mkopo, isipokuwa hiyo ya mwisho na mifuko, ambazo zina gharama kidogo. Zinataka turubai, chupa ya chumvi na macho ya mkulima mwenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ugonjwa wa ini, ufa ni ule unyevu ulio katika punje wiki ya kwanza baada ya kuvuna. Uzibe hapo, na ndege wako watakula salama, na nyumba yako pia.